Nafasi za Filimbi

Masikio, fundi wa sauti wa studio, alivua hedifoni, akazipangusa kwa shati lake, akazivaa tena. Akaurudisha wimbo nyuma, akausikiliza mahali palepale, kisha akavua tena, na safari hii akaziweka juu ya meza taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Mzee," alisema, "hebu njoo usikie kitu."

Mzee alikuwa bado kwenye piano, upande wa pili wa kioo, ananyoosha vidole. Wenzake wote katika muziki walimwita Chapuchapu, na jina hilo hakulipata kwa kutembea haraka. Alikuwa amepiga piano ya jazi miaka thelathini na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna wimbo alioumaliza kwa mwendo aliouanza nao. Ulianza ukitembea, ukaishia mbio. Mtu mmoja tu duniani aliweza kumshika breki, naye alikuwa mke wake, mpuliza filimbi, ambaye sasa alikuwa na miezi mitatu na siku kumi kaburini.

Chapuchapu aliingia chumba cha fundi, akavaa hedifoni. Aliisikia piano yake. Akaisikia ikinyamaza, mapigo manne, pale alipoacha nafasi kwa makusudi. Na ndani ya nafasi ile, kwa mbali, kama mtu anayepuliza akiwa chumba cha tatu, akasikia filimbi.

"Umeweka wewe?" akauliza.

"Niweke nini, mzee? Sina filimbi mimi. Nimerekodi ulichopiga, basi."

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mume na mke hao walikuwa wametunga nyimbo tisa za piano na filimbi tu, bila ngoma, bila besi, bila mwimbaji. Piano ilisema kidogo ikanyamaza, filimbi ikajibu, na albamu nzima ilikwenda hivyo, kama watu wawili wanaozungumza kibarazani. Walipofika wimbo wa tisa mke alianza kukohoa, akaomba wapumzike wiki moja. Chapuchapu akasema studio imeshashikwa, wamalize mazoezi kwanza. Wakamaliza. Siku nne baadaye mke akalazwa, na hospitali hakutoka kwa miguu yake. Hakuna aliyemwambia Chapuchapu kwamba amemuua mkewe. Daktari alimweleza vizuri kabisa kuwa mapafu yale yalikuwa yameharibika zamani. Lakini yeye alijiambia hivyo kila asubuhi, akipiga mswaki.

Binti yao, aliyeolewa mbali, safari ya kupanda ndege, alimshauri atafute mpuliza filimbi mwingine. Akakataa katakata. Aliamua kupiga piano kama walivyopanga, na nafasi za mkewe aziache wazi, ili anayesikiliza ajue kwamba hapa palikuwa na mtu. Aliweka stuli ya mkewe mahali pake, akaweka filimbi yake juu ya stuli, na akamwambia Masikio asimamishe maiki mbele yake na aiache wazi. Masikio aliona ni mambo ya msiba, akatii. Kisha Chapuchapu akakaa, akahesabu moja, mbili, tatu, nne, na kila ilipofika nafasi ya filimbi aliigeukia stuli ile akainamisha kichwa, kama alivyofanya miaka yote: karibu, zamu yako.

Hapo ndipo alipokosea. Mwanamuziki yeyote angekosea vilevile, maana ishara ile haifanywi na akili, inafanywa na shingo.

Alipotoka chumba cha fundi mchana ule hakuwa na hofu hata chembe. Alisogea kwenye stuli. Studio yao huzima kiyoyozi wakati wa kurekodi kwa sababu ya kelele, kwa hiyo chumba kilikuwa na joto la kumtoa mtu jasho, lakini pale kwenye stuli palikuwa baridi, na palinukia pipi za mnanaa alizozoea mkewe kumung'unya ili midomo isikauke. Akaichukua filimbi. Akatoa kitambaa chake kwenye kasha, akakipitisha ndani ya filimbi kama anavyofanya mpulizaji akimaliza kazi, na kitambaa kikatoka kimelowa.

"Amekuja," alisema Chapuchapu, na machozi yakamtoka.

Kesho yake alinyoa ndevu. Akavaa shati alilonunuliwa na marehemu, akatia pipi za mnanaa mfukoni, akawahi studio saa moja kabla ya wakati. Walirekodi wimbo wa pili, na filimbi ikasikika karibu zaidi. Wa tatu ikawa ndani ya chumba. Wa nne hakuhitaji tena kwenda kusikiliza kwa fundi, kwani ilikuwa inalia pale pale, hatua mbili kutoka kwenye bega lake la kulia, na alipokuwa akiinamisha kichwa aliona ngozi ya stuli imebonyea katikati. Jioni alirudi nyumbani, akala mkate mkavu akiwa amesimama jikoni, peke yake, na alitabasamu. Nyumba ambayo kwa miezi mitatu ilikuwa imemwelemea kwa ukimya haikumsumbua tena, kwa sababu kesho saa nane mchana alikuwa na miadi na mkewe.

Masikio ndiye aliyeshindwa hata kula vizuri. Baada ya wimbo wa sita alifunga mlango wa chumba chake, akamkalisha mzee mbele ya kompyuta, akamwonyesha mistari ya sauti kwa ncha ya kalamu.

"Huu mstari wa juu ni wewe. Huu wa chini ni ile maiki. Naomba uangalie hapa, mpaka hapa." Alinong'ona ingawa hapakuwa na mtu wa tatu. "Unaona umekatika popote?"

"Haujakatika."

"Dakika moja na nusu, mzee, ile nafasi ndefu ya katikati yote. Nimemrekodi mama tangu naanza kazi hii. Alikuwa na kale kamluzi akivuta pumzi, kwa lile pengo la jino. Kila mara nilitaka kukafuta, akanikataza, akasema hako ndiko kanakoonyesha kwamba anayepuliza ni mtu. Huyu hana kamluzi. Havuti pumzi kabisa. Sasa mtu anayetoa pumzi tu bila kuivuta, hiyo pumzi anaitoa wapi?"

"Pengine huko aliko hahitaji kuvuta."

"Basi si mama," alisema Masikio. "Na mguu je? Mama alikuwa akigonga kisigino cha kushoto. Huyu anagonga. Sikiliza anavyogonga."

Chapuchapu akasikiliza. Chini ya filimbi, polepole, kilikuwapo kitu kinachogonga sakafu ya mbao, lakini mlio huo ulikuwa mkavu na mgumu, hauna ulaini wa nyayo wala wa soli ya kiatu. Alivua hedifoni, akasema mchana umekwenda, waonane kesho. Alikuwa amesikia, na alikuwa ameamua kutosikia.

Wimbo wa saba ukaisha, na wa nane. Jioni ya wimbo wa nane binti yake alipiga simu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Baba, una ile sauti ya mama aliyomtumia mtoto siku yake ya kuzaliwa? Nadhani simu yangu ina matatizo. Nikiifungua nasikia saa ya ukutani pale kwenu, nasikia wewe unakohoa kwa nyuma, lakini mama hayumo."

"Hayumo vipi?"

"Hayumo tu. Pale anapoimba pamekaa kimya, kisha wewe unapiga makofi."

Chapuchapu alimwambia ni mtandao huo. Lakini alipokata simu alikwenda moja kwa moja chumbani. Alivuta sanduku la kanda za zamani kutoka chini ya kitanda, kanda za maonyesho, za mazoezi, za harusi za watu walizopigia wakiwa vijana, akatia ya kwanza kwenye redio kaseti akasikia piano yake peke yake, akatoa akatia ya pili akasikia piano na ukimya na piano, akatia ya tatu na ya nne na ya saba, na katika kila kanda makofi yalikuwepo, vicheko vya watu vilikuwepo, glasi ziligongana, yeye mwenyewe alisikika akiwa kijana wa miaka ishirini na tano akihesabu moja mbili tatu nne kwa pupa, lakini pale ambapo filimbi ilipaswa kuingia palikuwa na shimo lililokatwa kwa ustadi kama nguo iliyokatwa na fundi cherehani, na shimo baada ya shimo alitafuta mle ndani hata pumzi moja tu ya mkewe asiipate.

Alikaa sakafuni akajaribu kumkumbuka bila kanda. Alimkumbuka akisimama, akipika, akifunga vifungo vya blauzi. Katika kumbukumbu zote mkewe alifungua mdomo na hakuna sauti iliyotoka.

Kanda moja tu ilikuwa bado nzima, ile ya mazoezi ya wimbo wa tisa. Aliisikiliza akiwa ameziba mdomo. Filimbi ilikuwemo, na kamluzi kalikuwemo, na katikati ya wimbo palikuwa na kikohozi kirefu, kisha sauti ya mkewe, iliyochoka lakini yenye utani ndani yake: "Usiniharakishe, bwana. Nakuja." Akaitoa kanda ile akaitia mfuko wa koti, upande wa moyo.

Asubuhi, kule studio, ilikuwa zamu ya Bi Nyuzi. Huyu alikuwa fundi wa kurekebisha sauti za piano, bibi mfupi wa miaka sabini na kitu, mkali kama pilipili, anayebeba begi la spana kumzidi kimo. Wapo waliojua kwamba Bi Nyuzi aliitwa pia kwenye nyumba ambazo hazikuwa na piano, kwa kazi ambayo hakuitaja. Alifunua mfuniko, akapitisha kidole juu ya nyuzi, akakinusa.

"Nani anakaa pale?" akauliza, bila kuitazama stuli.

"Hakuna mtu, Bi Nyuzi."

"Sijakuuliza mtu. Nyuzi za upande huu zina unyevu na za upande ule ni kavu. Zinanuka shimo lililofunikwa miaka. Mzee mwenzangu, usinichezee, nimeamka na mgongo."

Chapuchapu akamweleza yote. Bi Nyuzi alisikiliza akiwa ameegemea piano, spana mkononi, na mwisho akashusha pumzi.

"Ni jini. Wala si la kisirani, ni la upweke, na hayo ndiyo mabaya zaidi kwa sababu yanapendeza. Hukaa kwenye nyumba zilizohamwa na kwenye majukwaa watu wakishaondoka. Haliingii bila kukaribishwa. Wewe umelikaribisha mara ngapi?"

Chapuchapu akapiga hesabu ya nafasi za nyimbo nane. "Yapata mara mia mbili."

"Mara mia mbili! Hata shemeji hakaribishwi hivyo." Hakucheka. "Lilikuja halina sauti. Sauti ya kupulizia linaichota kwa marehemu. Kila ukilikaribisha, linachota. Likimaliza wimbo wa tisa litakuwa limemchota mzima, hutabaki naye kwenye kanda wala kichwani. Na binti yako vilevile."

"Nikiacha? Nisimalize?"

"Litangoja. Lina muda kuliko wewe, na litangoja likiwa nyumbani kwako."

Dawa yake ilikuwa rahisi kuieleza. Apige wimbo wa tisa, wote, mbele ya stuli ile, bila kuacha hata nafasi moja. Kila palipokuwa pa filimbi ajaze kwa piano. Jini lililonyimwa zamu wimbo mzima, tangu mwanzo hadi mwisho, huona aibu ya mgeni asiyetengewa kiti, huondoka. Yaliyokwisha kuchotwa hayarudi, lakini kanda ile ya mfukoni ingebaki.

"Huo wimbo aliutunga yeye," alisema Chapuchapu. "Karibu wote ni filimbi. Nikijaza, nitakuwa nimemfuta."

"Chagua nani amfute," alisema Bi Nyuzi. Kisha akapekua begi lake akatoa kola ngumu ya shingo, ile wanayovishwa waliopata ajali. "Nilivaa hii nilipoanguka ngazi. Vaa. Shingo yako haina adabu."

Saa nane mchana Masikio alizima kiyoyozi. Jua lilikuwa kali nje, na watu walipita barabarani wakinunuliana soda. Ndani, Chapuchapu alikaa mbele ya piano shingo imesimama kama ya askari wa gwaride, na Bi Nyuzi alikaa mlangoni akisoma dua zake chini kwa chini. Hakuna aliyehesabu. Chapuchapu alianza tu.

Nafasi ya kwanza ilipofika shingo ilitaka kugeuka, kola ikaikatalia, na mkono wake wa kulia ukapita juu ya ile nafasi. Kando yake kitu kilisogea. Ya pili akaijaza, na ya tatu, na harufu ya mnanaa ikaja kwa nguvu kama mtu aliyemwinamia sikioni, na alipoijaza ya nne na ya tano mnanaa ule ukaanza kuoza, ukawa unyevu, ukawa udongo, ukawa lile shimo alilolisema Bi Nyuzi, na kisigino kigumu kikagonga sakafu kikitafuta mwendo wake kisiupate, kwa sababu sasa Chapuchapu alikuwa amekwenda mbio kama hajawahi kwenda, uchapuchapu wa miaka thelathini na tisa umepata kazi yake hatimaye, vidole vinamwagika juu ya kila upenyo, na filimbi ikajaribu kuingia hapa ikakuta pamejaa, ikajaribu pale ikakuta pamejaa, ikalia kipande cha sauti kilichokatwa katikati, ikazunguka nyuma ya mgongo wake, ikarudi, ikawa nyembamba, ikawa mbali tena, chumba cha tatu, barabarani.

"Vizuri," alinong'ona Bi Nyuzi. "Imebaki moja. Usisimame."

Ilibaki nafasi moja, mwisho kabisa, mapigo manne. Chapuchapu aliinua mkono kuijaza. Hapo nyuma ya bega lake la kulia, karibu sana, pakawa na kikohozi kirefu. Kisha sauti iliyochoka, yenye utani ndani yake:

"Usiniharakishe, bwana. Nakuja."

Alijua si mkewe. Alijua bila kugusa mfuko kwamba kanda iliyokuwa kifuani pake tayari ilikuwa na shimo, na kwamba maneno yale sasa yalikuwa mahali pamoja tu duniani, pale juu ya stuli. Angejaza mapigo manne tu, na hata hapo yasingekuwepo. Akakumbuka wiki moja aliyoombwa. Wiki moja tu, na yeye akasema studio imeshashikwa.

"Mzee, piga!" Bi Nyuzi alipaza sauti. "Piga!"

Shingo haikuinama, kola iliishika vizuri. Ila mikono haikuvaa kola. Chapuchapu aliiondoa juu ya piano, akaiweka mapajani, akangoja. Akangoja mapigo manne, yakapita. Akangoja manane. Hakuharakisha. Masikio, nyuma ya kioo, aliona mstari wa chini umelala, umelala, kisha ukatikisika kidogo sana, na kwenye hedifoni zake akasikia kamluzi ka mtu anayevuta pumzi kwa pengo la jino.

Kisha filimbi ikalia, nzuri kuliko siku zote.

Albamu ina nyimbo tisa. Walioinunua wanasema piano ile inajua kusubiri. Bi Nyuzi alichukua kola yake siku ileile, na piano ile hajaigusa tena. Masikio anafanya kazi ya kuuza simu, na hasikilizi muziki.

Wiki iliyopita binti alipiga simu asubuhi. Chapuchapu alikuwa sebuleni, mbele ya stuli aliyoihamishia nyumbani.

"Baba," sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. "Nimeamka leo namtafuta mama kichwani. Namwona, lakini nimeshindwa kukumbuka alikuwa anasemaje. Hata jinsi alivyokuwa akiniita. Wewe unakumbuka?"

Chapuchapu alifungua mdomo. Alitafuta sana, na hakupata kitu. Alisikia binti yake akingoja peke yake huko mbali, na alijua ungojaji huo ulivyo. Akaisogeza simu karibu na stuli, akageuka, akainamisha kichwa.

Kamluzi kakasikika. Halafu, kutoka ng'ambo ya pili, binti akasema polepole:

"Mama?"